Posta ya zamani kando ya ziwa: ukuta wa masanduku ubomolewe au ubaki?

RamaniZaZiwa

Wakubwa shikamooni. Wa rika langu, habari za jioni.

Mimi ni mchoraji wa ramani, nakaa Nyakato hapa Mwanza. Nina kazi ya jengo moja kuukuu kwenye mji mdogo kando ya ziwa. Mji sitautaja kwa sababu mwenye jengo hajaniruhusu. Wenyeji wote wanaliita Posta. Ukimwambia bodaboda "nipeleke Posta" anakushusha pale pale, ingawa shughuli za barua zilishahama siku nyingi. Baadaye likawa ghala la kayabo (samaki wa chumvi), kisha duka la pembejeo, na sasa amelinunua mtu anayetaka kulifanya mgahawa.

Nimelipima siku mbili kwa tepu, msaidizi wangu akishika ncha ya pili. Nawapa vipimo ili mnisaidie vizuri.

Ni nyumba ya chini, haina ghorofa. Paa ni la bati lenye miteremko minne, limeshuka mpaka limefunika baraza pande mbili: mbele barabarani, na magharibi kunakotazama ziwa. Baraza ina upana wa meta 2.4, nguzo zake za tofali, pana chini na nyembamba juu. Msingi ni wa mawe yetu haya haya ya kijivu yenye vimeta. Upande wa ziwani umeinuka sentimeta 60 kutoka ardhini, lakini upande wa barabarani umezama, zinaonekana sentimeta 15 tu. Kuta za nje zina unene wa sentimeta 39 pamoja na plasta. Dari iko juu meta 3.9.

Ukiingia unakuta ukumbi wa wateja na kaunta ya mbao ngumu, urefu meta 5, imelika katikati ukingoni kama kizingiti kilichokanyagwa miaka. Nyuma ya kaunta kuna chumba kikubwa chenye sakafu ya mbao. Halafu kuna vyumba viwili vinavyonichanganya. Kimoja hakina dirisha hata moja, kuta zake ni nene kuliko za nje, mlango ni wa chuma. Kingine ni kidogo, meta 2 kwa 2.5, sakafu ya vigae vya kahawia, hakina dirisha ila kina matundu mawili juu kabisa chini ya dari. Saruji kati ya vigae imelika kana kwamba ilimwagiwa kitu kikali.

Ukuta wa barazani, upande wa magharibi, ndiyo una masanduku ya barua. Ni 96, safu 8 za masanduku 12, vilango vya chuma vyenye namba za shaba. Kando yake kuna mdomo wa chuma wa kutumbukizia barua, umepakwa rangi mara nyingi hata herufi zake hazisomeki. Na mbele, chini ya plasta, nimeona mistari miwili ya upinde, kama matao yaliyozibwa.

Sasa shida. Kwanza, kuta za ndani zinatoa unga mweupe na plasta inabanduka mpaka kimo cha kiuno. Ilipigwa upya kwa saruji miaka michache iliyopita na fundi mmoja ambaye simtaji, na tangu hapo hali imezidi. Pili, mwenye jengo anataka kubomoa ukuta wote wa masanduku aweke kioo, wateja waone ziwa. Tatu, ananiuliza kama jengo ni la Mjerumani au la Mwingereza, na mimi sina jibu.

Nisiwafiche, nikisimama kwenye ile baraza saa tisa mchana, jua linachoma barabarani na pale kuna ubaridi, moyo unakataa kuchora mstari wa kubomoa. Lakini moyo si hoja ya kumpelekea mteja. Naombeni hoja.

Igoma_Aluminiamu

Dada, mimi ni fundi wa aluminiamu, nitakuwa mkweli kwako. Mtu ametoa hela yake, na mgahawa usioonekana ndani haupati wateja. Anachotaka si kosa.

Ila kabla ya kugusa chochote, angalia juu ya masanduku kuna nini kinachobeba ukuta. Mwaka juzi tulikata ukuta wa nyumba kongwe tukidhani ni kizuizi tu, ukaondoka na nusu ya baraza. Mungu alisaidia ilikuwa saa ya chakula, hakuna aliyekuwa chini. Masanduku yenyewe hayabebi kitu, ni vibati. Kilichobeba kiko juu yake. Kwangua plasta hapo, sentimeta 30 zinatosha, utakiona.

MwikoNaKamba

Marahaba mwanangu.

Mwiko nimeushika tangu 1968, nilianza kama kijana wa kukoroga udongo. Nyumba za aina hiyo nimezifanyia kazi nyingi kuanzia Musoma mpaka Geita. Nitakueleza ukuta wako una ugonjwa gani, na uniamini kwa sababu nimeshaufanya mimi mwenyewe ukutani kwa watu kabla sijafundishwa.

Ukuta wa zamani umejengwa kwa tofali la kuchoma na udongo uliochanganywa na chokaa. Tofali linakunywa maji. Maji yanapanda kutoka chini kama mafuta kwenye utambi wa koroboi. Mafundi waliojenga walilijua hilo, hawakuyazuia, waliyaachia njia ya kutoka. Plasta ya chokaa ina vitundu vidogo sana, maji yanapanda kidogo na kukaukia nje kidogo kidogo, ukuta unabaki salama. Akija mtu akapiga saruji pande zote mbili, amemvika mtu koti la mpira juani. Maji hayana pa kutokea, yanaendelea kupanda mpaka yapate mwanya. Yakitoka yanaacha chumvi, chumvi inakauka na kuwa chembe, chembe zinavimba ndani ya tofali, uso wa tofali unameguka. Ule unga unaofagia kila asubuhi ni ukuta wenyewe unakuja chini.

Na umetaja neno moja ukalipita haraka: kayabo. Sangara wa chumvi aliyerundikwa sakafuni kwa miaka anavuja maji ya chumvi, na yale maji yamekunywewa na sakafu na kuta. Kwa hiyo chumvi yako haitoki ardhini peke yake. Nakuwekea dau kwamba hali ni mbaya zaidi chumba kile kile walichopanga samaki.

Cha tatu ni barabara. Msingi sentimeta 60 nyuma, 15 mbele? Hakuna mwashi aliyejenga hivyo kwenye kiwanja cha tambarare. Kila wanapomwaga moramu barabara inapanda, nyumba inabaki pale pale. Ardhi ya nje sasa imekaribia sakafu ya ndani, na mvua za masika zinalala ukutani.

Fanya hivi, na usibadilishe mpangilio. Anza nje: chimba kando ya ukuta wa mbele mpaka uone kimo halisi cha msingi, maji yapate njia ya kuondoka. Halafu tafuta matundu ya hewa kwenye msingi. Sakafu ya mbao haiwezi kukaa bila matundu chini yake, lazima yapo, wameyaziba. Yafungue, weka wavu wa panya. Ndipo uingie ndani kubandua saruji. Tumia patasi na nyundo ndogo, usikodishe mashine ya kutikisa, utaondoka na tofali. Gonga kwanza kwa kifundo cha kidole: panapolia wazi pameshaachia, anzia hapo.

Baada ya hapo subiri. Hili ndilo wateja hawalipendi. Uache ukuta uchi msimu mzima wa kiangazi, Juni mpaka Septemba, ukaushwe na upepo wa ziwa. Kwenye chumba cha kayabo piga plasta dhaifu ya chokaa na mchanga, iache inyonye chumvi miezi kadhaa, kisha ibandue uitupe. Ikibidi rudia. Plasta ya kudumu ije mwisho: chokaa iliyolowekwa majini wiki kadhaa ikawa laini kama siagi, sehemu 1 kwa mchanga safi sehemu 3, tabaka nyembamba, si zaidi ya sentimeta 1 kwa mara. Ifunike kwa magunia yaliyoloweshwa ili isikauke haraka. Na rangi ya mafuta usiikaribishe. Paka chokaa.

Swali la Mjerumani na Mwingereza: ukishabandua plasta pima tofali. Tofali la Mjerumani ni sentimeta 25 kwa 12 kwa 6.5. La Mwingereza ni inchi 9 kwa 4 na nusu kwa 3, yaani kama 23 kwa 11.5 kwa 7.5. Wachomaji walikuwa watu wetu, tanuru zilikuwa zetu, ila kalibu ya mbao ilifuata kipimo cha msimamizi. Ukuta wa tofali moja na nusu kwa kipimo cha Mjerumani unatoka 38 bila plasta, kwa cha Mwingereza unatoka kama 35. Wewe una 39 na plasta. Nina mawazo yangu, lakini pima kwanza.

Stempu_na_Mihuri

Kwenye hilo la umri nina la kuongeza, nimekusanya stempu na bahasha za kanda hii tangu nikiwa sekondari.

Wajerumani waliweka kituo chao Mwanza mwaka 1892, na muhuri wao wa posta uliandikwa MUANSA, kwa S. Nyumba walizoacha mjini bado zipo, ile ya afisa wao Gunzert juu ya kilima mnaijua wengi. Waingereza walichukua Mwanza Julai 1916. Kwa hiyo dada una mpaka mmoja wa wazi wa kuanzia.

Ule mdomo wa chuma ulioupita kwa sentensi moja ndio cheti chako cha kuzaliwa. Visanduku vya barua vya Kiingereza vilichorwa herufi za mfalme aliyekuwa akitawala. Ukikuta G R na taji juu, huyo ni George wa Tano, 1910 hadi 1936. Ikiwa kuna VI katikati ya hizo herufi, ni George wa Sita, 1936 hadi 1952. E II R ni Elizabeth, baada ya hapo. Usikwangue kwa patasi! Tumia dawa ya kulainisha rangi na mswaki wa meno, tabaka moja moja.

Tahadhari moja. Kisanduku kinaweza kuwa kilichomekwa baadaye kwenye ukuta wa zamani. Tazama matofali yanayokizunguka: yakiwa yamekatwa ovyo na udongo wake wa rangi tofauti, kimechomekwa. Yakiwa mazima, yamepangwa kukipisha, walizaliwa pamoja.

Na jambo la barabara ya ziwa. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza 1928. Kabla ya hapo mzigo mkubwa wa barua za ng'ambo ulishuka Mombasa, ukapanda treni hadi Kisumu, ambako reli ilifika 1901, halafu meli. Ndiyo maana posta nyingi za miji midogo ya mwambao utazikuta hatua chache kutoka gatini na si katikati ya mji wa leo. Wanaosema "posta imejengwa pembeni" wanasahau kwamba mlango wa mji ulikuwa majini.

Kisheria, usimtishe mteja kwa jambo lisilokuwepo. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Ya baada ya hapo mpaka yatangazwe. Kama jengo lake halijatangazwa, anayelilinda ni yeye mwenyewe na wewe unayemshauri.

KaraniMstaafu

Binti yangu, nimesoma swali lako mara tatu na nimelia kidogo nilipofika kwenye kaunta iliyolika katikati.

Niliajiriwa 1974, wakati ule ni Shirika la Posta na Simu la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977 tukawa shirika letu la Tanzania, na kuanzia 1994 Posta na Simu wakatenganishwa. Nimefanya kazi Mwanza, Bukoba na vituo viwili vidogo vya mwambao. Jengo lako sijawahi kuingia, lakini nikisoma vipimo vyako naweza kutembea ndani yake nimefumba macho, kwa sababu nyumba ya posta haikuchorwa kwa uzuri kwanza. Ilichorwa kwa njia ya barua.

Barua inaingia kwa mlango wa nyuma. Kaangalie mlango wa nyuma wa kile chumba kikubwa: naamini kizingiti kiko juu kuliko cha mbele, ngazi ni za baadaye au hakuna. Kimo kile ni cha kitanda cha gari. Gari linarudi kinyumenyume, mfuko unaburutwa, haunyanyuliwi. Bukoba tulikuwa tunapokea mifuko ya meli asubuhi. Meli ya Victoria ilipoanza safari 1961 iliandikwa RMS, maana yake ilipewa heshima ya meli ya barua za Malkia, na sisi makarani tulijivunia hilo hata baada ya Uhuru. Mfuko ukifika unakata kamba, unatazama lakiri kama iko nzima, unamwaga juu ya meza. Harufu ya gunia lililolala melini na gundi ya stempu mpaka leo ninayo.

Chumba kikubwa chenye sakafu ya mbao ni cha kuchambulia. Mbao kwa sababu mtu anasimama saa sita mfululizo, na zege linaua magoti. Utaona pia madirisha yake yako juu ya kimo cha mtu. Siyo kosa la mchoraji. Mwanga unaingia, jicho la mpita njia haliingii, maana barua ni siri ya mtu.

Chumba cha chuma kisicho na dirisha ni cha fedha. Watu wamesahau kwamba posta ilikuwa benki ya wasio na benki. Mani oda za vijana waliokuwa kwenye mashamba ya mkonge, vitabu vya akiba, pensheni za wazee, stempu zenyewe ambazo ni sawa na noti, vyote vililala mle. Ndani sakafuni tafuta tundu nne za boliti, hapo kasha lilifungwa chini.

Kile kidogo chenye vigae ni cha betri za simu. Simu ya zamani ilipata umeme wake posta, si nyumbani kwa mtu. Betri zilikuwa za asidi, seli moja volti 2, zinapangwa rafuni safu kwa safu, na fundi wa simu anaongeza maji kila wiki. Zikichajiwa zinatoa hewa inayoweza kulipuka, na hewa ile ni nyepesi, inapanda. Ndiyo maana matundu yako juu chini ya dari na siyo usawa wa dirisha. Vigae ni kwa ajili ya asidi, na kilicholika katikati yake ni saruji iliyokunywa asidi. Mwambie mwenye jengo asikifanye jiko kabla ya kuosha sakafu ile vizuri.

Matao yaliyozibwa siwezi kuapa. Ila ofisi yangu ya mwisho ilikuwa na matao mbele, na walipotugawa na wenzetu wa Simu waliweka ukuta katikati na wakaziba tao moja ili kila shirika liwe na mlango wake. Gonga usikie.

Sasa masanduku. Yamewekwa barazani, nje ya kufuli la ofisi, ili mwenye sanduku aje saa yoyote, usiku, Jumapili, akitoka kanisani. Na upande huo wa magharibi umewekewa baraza kwa sababu watu walikuja kufungua masanduku jioni wakitoka kazini, jua likiwa upande huo. Bila baraza ile vilango vya chuma visingeshikika.

Kwa ndani masanduku yako wazi, hayana mgongo. Karani anasimama upande wa kuchambulia na kusukuma barua kwenye kishubaka chake. Mara nyingi nilikuwa nasukuma bahasha na wakati huo huo mwenyewe anafungua kilango upande wa pili. Mnaonana macho tu, mstatili mdogo kama kiganja, yeye kwenye mwanga na wewe gizani. Kuna mwalimu mmoja, sitamtaja, alisubiri barua ya chuo miezi. Kila jioni niliyaona yale macho. Siku ilipofika sikuisukuma, nilimkabidhi mkononi kupitia tundu, na sheria hairuhusu.

Huo ndio ukuta anaotaka kuubomoa. Kabla hajafanya, zunguka kwa nyuma. Kama wamepigilia plaiwudi, ibandue. Tulikuwa tunaandika majina ya wenye masanduku kwenye ubao chini ya kila safu.

RamaniZaZiwa

Wakubwa zangu, shikamooni tena. Zimepita siku tisa. Wabeja sana, asanteni, na nisameheni kimya, kule mtandao unapatikana ukipanda jiwe.

Nimeanza na agizo la mzee MwikoNaKamba. Tulichimba mbele ya baraza vijana wawili na mimi. Sentimeta 40 chini ya moramu tukakuta mtaro wa mawe, umepangwa jiwe kwa jiwe, viungo vimejazwa chokaa, unaanza kona ya kulia na kuzunguka jengo kuelekea ziwani. Ulikuwa umejaa udongo na mifuko ya plastiki. Tulisafisha meta 6 za mwanzo na tukatoboa mwisho wake, kisha nikamwaga ndoo mbili za maji kwa juu. Yalikwenda. Yaligeuka kona yakatokea upande wa pili bila kusimama hata mara moja. Aliyepanga yale mawe aliweka mteremko kwa jicho na kamba, na baada ya miaka yote hii bado uko sawa.

Matundu ya hewa yako manne, yote yalizibwa kwa zege. Nimefungua mawili. Nilipolifungua la pili nilikuwa nimeinama, na upepo ulinipiga usoni kutoka chini ya sakafu, wa baridi, una harufu ya panya na mbao kavu. Mbao kavu, siyo zilizooza. Nilikaa chini pale pale.

Tofali: nimepima kumi na mbili sehemu tatu tofauti. Zinacheza kati ya 22 na 23, kimo 7.5. Na kisanduku, baada ya jioni mbili za mswaki, kimetoa taji na G R, hakuna namba katikati. Matofali yanayokizunguka ni mazima. Kwa hiyo mteja wangu nimempa jibu la maandishi: Mwingereza, baada ya 1916 na si baada ya 1936. Kwa chumvi, mzee ulisema kweli, chumba cha nyuma ndicho kibaya kuliko vyote na ndicho walichopanga kayabo. Mwenyeji mmoja alinionyesha mpaka kona.

Juu ya masanduku kuna kipande cha reli ya treni, kimelazwa kama linta, na juu yake meta moja ya ukuta na miguu ya kenchi za baraza. Nilimwita mwenye jengo aione mwenyewe. Nilimwonyesha kwenye karatasi kwamba kuutoa ukuta huo ni kununua boriti ya chuma, kuweka miimo ya muda chini ya paa na kumlipa mhandisi. Kisha nikamwonyesha njia ya pili. Matao ya mbele ni matupu, yanalia ngoma, yamezibwa kwa tofali nyembamba za juzi ambazo hazibebi kitu. Yakifunguliwa yanatoa upana wa meta 1.8 kila moja. Kioo kinaingia hapo bila kukata chochote cha asili, na anayepita barabarani anaona mpaka ndani. Kwa ziwa, meza zitakaa barazani, ambako ndiko mtu angetaka kukaa hata kama kungekuwa na kioo.

Alinyamaza akitembea kutoka tao hadi tao. Akauliza bei. Nikampa. Amekubali ukuta wa masanduku ubaki, na amekubali kusubiri kiangazi kipite, ingawa hilo la kusubiri tulilibishania muda mrefu. Kaka Igoma_Aluminiamu, niandikie faragha, matao mawili yanahitaji fremu za kupinda.

Mama KaraniMstaafu. Kizingiti cha nyuma kiko juu, sentimeta 85, ngazi ni za tofali za saruji. Tundu nne za boliti zipo. Na plaiwudi nimeibandua kwa mikono yangu. Majina yapo, kwa penseli, chini ya kila safu, mengine yamefutwa na kuandikwa upya mara mbili tatu mpaka mbao imechimbika. Misheni, duka la Mhindi, shule, chama cha ushirika, na majina ya watu. Mwandiko si wa mtu mmoja. Chini ya baadhi ya majina kuna mstari wa penseli ya buluu, kwingine mstari umefutwa ukabaki kivuli, kwingine upo mzito mpaka leo. Buluu ilikuwa na maana gani?

MwikoNaKamba

Umefanya kazi mwanangu. Yale matundu mawili yaliyobaki yafungue kabla ya mvua za vuli. Na mtaro usiufunike kwa zege ili upendeze, weka mawe bapa juu, yanyanyuliwe kila mwaka.

KaraniMstaafu

Buluu ilikuwa ya kodi ya sanduku, binti. Sanduku lilikodiwa kwa mwaka. Anayechelewa kulipa tunampigia mstari chini ya jina, ili karani yeyote wa zamu akiona asisukume barua, aziweke pembeni, mwenyewe akija kuuliza kaunta akumbushwe. Akilipa tunafuta kwa kifutio, ndicho hicho kivuli unachokiona. Ulipo mzito hakurudi.

Ukienda tena nipigie picha ya ule ubao wote, safu kwa safu, kwa mwanga wa asubuhi. Huenda kituo kile walipita wenzangu niliofunzwa nao, na mwandiko wao nitautambua.